Dole Gumba la Roma Lililozaliwa Paris

Kiingereza kina nahau nyingi za kuonyesha kutoridhika, na kadhaa kati yake zimetokana na viungo vya mwili: mtu huinua pua, hukunja kipaji cha uso, humpa mwenzake bega. Iliyosafiri mbali kuliko zote ni ile ya dole gumba lililoelekezwa chini, ambayo wenyewe huiita “thumbs down”. Bodi ikikataa mpango, mhakiki akiiponda filamu, bunge likiangusha muswada, gazeti la London au New York litaandika kwamba jambo hilo limepata dole gumba chini, na msomaji haulizi maana yake. Akiuliza imetoka wapi, atajibiwa bila kusitasita: imetoka Roma ya kale. Gladieta ameangushwa, upanga uko shingoni mwake, umati unapiga kelele, Kaisari ananyoosha mkono. Dole likienda juu, mtu anapona. Likienda chini, anachinjwa. Nitakachojaribu kuthibitisha ni kwamba jibu hilo, kwa kadiri ushahidi unavyokwenda, si sahihi. Warumi walitumia dole gumba kuamua, hilo halina ubishi. Kwamba chini ilikuwa kifo na juu ilikuwa uhai, hilo hawakutuambia wao. Tumeambiwa na mchoraji mmoja wa Kifaransa wa karne ya 19, na tukamwamini kwa sababu alichora vizuri mno.

Tuanze na kazi ambayo nahau hii inafanya leo, maana ndiyo inayoonyesha kwa nini kisa cha Roma kimeing’ang’ania. Anayeelekeza dole chini hatoi sababu. Hasemi filamu ina kasoro gani wala muswada una ubaya gani; anatoa hukumu tupu, papo hapo, mbele za watu. Kuna ukali fulani humo, na Wamarekani wawili waliugeuza kuwa mtaji. Gene Siskel wa gazeti la Chicago Tribune na Roger Ebert wa Chicago Sun-Times walikaa kwenye viti vya sinema mbele ya kamera za televisheni, wakabishana juu ya filamu za wiki ile, kisha kila mmoja akatoa dole lake juu au chini. Hoja zao zilikuwa ndefu na za kisomi, lakini kilichobaki vichwani mwa watazamaji ni dole. Kampuni za filamu zilichapisha madole yao mawili kwenye mabango, na wenyewe wakayasajili kama alama ya biashara. Tarehe 28 Julai 2017, usiku wa manane ukiwa umeshapita, Seneta John McCain aliingia katika ukumbi wa Seneti mjini Washington wakati wa kura ya kufuta sehemu za sheria ya bima ya afya ya Barack Obama. Alisogea mbele ya meza ya makarani, akanyoosha mkono, akauacha hapo kidogo, kisha akageuza dole chini na kusema hapana. Maseneta wengine walivuta pumzi kwa mshtuko. Mpango wa chama chake mwenyewe ulianguka kwa kura 51 dhidi ya 49. Maseneta wamezoea kupiga kura kwa ishara za mikono, hivyo kwa kanuni za ukumbi ule hakufanya kituko. Hata hivyo picha ile ilizunguka dunia nzima, kwa kuwa kila aliyeiona alijiona yuko uwanjani Roma.

Sasa twende Roma yenyewe, tukawaulize walioishi huko. Ushahidi ni mchache kuliko mtu anavyotarajia. Shahidi wa kwanza ni Juvenal, mshairi wa tashtiti aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 2. Katika tashtiti yake ya tatu anawakejeli watu waliokuwa wapiga mabaragumu katika viwanja vya mashambani, sasa wametajirika, wao ndio waandalizi wa michezo, na umati ukiamuru kwa dole lililogeuzwa, wanaua ili wapendwe. Maneno yake ya Kilatini ni mawili tu, “verso pollice”, yaani dole likiwa limegeuzwa. Limegeuzwa kuelekea wapi? Hasemi. Wala hakuwa na sababu ya kusema: aliwaandikia watu waliokwenda uwanjani na kuiona ishara hiyo kwa macho yao. Anayeandika habari za mpira leo haelezi refa anaishikaje kadi nyekundu. Shahidi wa pili ni Prudentius, mshairi Mkristo kutoka Hispania, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 5, karibu miaka 300 baada ya Juvenal. Yeye anawashambulia mabikira wa Vesta, wale makuhani wa kike waliokuwa na viti vya mbele uwanjani, kwamba msichana mwenye haya zake zote anageuza dole na kuamuru kifua cha aliyeanguka kipasuliwe. Naye pia anasema dole limegeuzwa, basi. Zaidi ya hapo, Prudentius ni shahidi mwenye kesi yake; alitaka dini ya zamani ionekane ya kinyama, na michezo yenyewe ilikuwa ukingoni mwa kufa.

Hao wawili ndio nguzo ya kisa chote, na hakuna hata mmoja aliyetaja chini. Wapo mashahidi wengine wa kando, na hao wanazidi kutuvuruga. Pliny Mkubwa, aliyekufa mwaka 79 Vesuvius ulipolipuka, anataja katika kitabu chake cha elimu ya viumbe kwamba Warumi walikuwa na msemo wa kumtaka mtu abane madole yake anapompendelea mwenzake. Yaani upendeleo ulikuwa dole lililobanwa, si dole lililoinuliwa. Quintilian, mwalimu mkuu wa ufasaha, anaeleza ishara ya msemaji anayenyoosha mkono akiwa na dole la uadui, na Apuleius, mzaliwa wa Afrika ya Kaskazini, anatumia maneno hayohayo anapomwonyesha mtu akijiandaa kusimulia hadithi mezani. Kwa hao wawili dole la uadui linaelekea kuwa lililochomoza likasimama, si lililoinamishwa. Halafu kuna kisahani cha udongo wa kuchomwa kilichopatikana Cavillargues, kusini mwa Ufaransa, ambacho kimehifadhiwa Nîmes. Juu yake wamefinyangwa magladieta wawili wakiwa bado wamesimama, na maandishi yanasema kwamba wameachiliwa hivyohivyo, hakuna aliyeshindwa. Pembeni unaonekana mkono uliofumba ngumi, dole gumba limelazwa na kubanwa juu yake. Ukiweka kisahani hiki karibu na msemo wa Pliny, huruma ya Roma inaanza kuwa na umbo, na umbo lenyewe ni ngumi iliyobana dole.

Mwanazuoni wa Kimarekani Anthony Corbeill alizikusanya habari hizi katika makala ya mwaka 1997, akafikia uamuzi unaokipindua kisa tulichokizoea: dole lililobanwa lilikuwa uhai, na dole lililogeuzwa, ambalo lilikuwa kifo, huenda lilielekea juu. Mimi sitakwenda naye hadi mwisho. Kitenzi cha Kilatini cha kugeuza kinaruhusu pande zote, na kutoka mezani pa Apuleius hadi mchangani uwanjani ni mbali. Ninachokichukua kwake ni kidogo zaidi, nacho kinanitosha: hakuna maandishi wala sanamu ya Roma inayojulikana ambayo inaunganisha dole la chini na kifo. Atakayesema nimebadilisha dhana moja kwa dhana nyingine atakuwa ananionea. Sijasema juu ilikuwa kifo. Nimesema kwamba anayedai chini ilikuwa kifo ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na mfuko wake ni mtupu.

Ushahidi wenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, hauko Roma kabisa. Uko Uingereza, katika kazi za watu waliofasiri Kilatini kabla kisa hakijagandishwa. Mwaka 1601 Philemon Holland, tabibu na mfasiri mashuhuri, alichapisha Kiingereza cha kitabu cha Pliny. Alipofika kwenye ule msemo wa madole, aliwaeleza wasomaji wake kwamba kuinamisha madole chini ni ishara ya kukubali jambo au kumpendelea mtu. Tafakarini hapo. Mwingereza msomi, zama za Shakespeare, anaandika kwamba dole la chini ni upendeleo, na haoni haja ya kujitetea. Mwaka 1693 ikatoka tafsiri ya Juvenal ya John Dryden, na yeye alipofika kwenye yale maneno mawili, aliyafanya madole yaliyopindwa kuelekea nyuma. Dole lililopindwa nyuma haliendi chini. Linakwenda juu, au linamwelekea mwenyewe. Kama Waingereza wangekuwa wamerithi kutoka Roma mila isiyokatika ya dole la chini kuwa laana, vigogo hawa wawili wangeifahamu. Hawakuifahamu. Kwa hiyo ile karne ya 17 inatuonyesha lugha ambayo bado haijaamua.

Aliyeamua ni Jean-Léon Gérôme. Mwaka 1872 alimaliza mchoro wa rangi ya mafuta wenye upana wa karibu mita moja na nusu, akaupa jina kutoka kwa Juvenal kwa kuyapindua maneno yale mawili: “Pollice Verso”. Gladieta mwenye helmeti nzito ya shaba amesimama, mguu wake uko kooni mwa adui aliyelala mchangani, naye aliyelala ameinua vidole viwili kuomba huruma. Wavu wake umetawanyika ubavuni. Miale ya jua inapenya kwenye vitambaa vya kivuli vilivyotandazwa juu ya uwanja na kuchora michirizi ukutani. Kaisari amekaa kwenye kibanda chake, hana haraka, anakula tini. Na katika safu ya mbele mabikira wa Vesta, wamevaa meupe kutoka kichwani hadi miguuni, wameinama kwa hasira huku mikono imenyooshwa na madole yameelekea chini moja kwa moja. Gérôme hakuwa mtu wa kubahatisha. Helmeti aliitoa kwenye zana zilizofukuliwa Pompeii, na mabikira aliwatoa kwa Prudentius. Mambo mengi aliyoyachora yana ushahidi, na ndiyo maana lile moja lisilo na ushahidi lilipita bila kuulizwa na wengi. Jicho likishaamini helmeti, linaamini na dole.

Mchoro peke yake usingeweza kubadilisha lugha. Alexander Stewart, tajiri wa maduka makubwa ya New York, aliununua ukavuka bahari, na wangeuona wageni wachache tu wa nyumba ya tajiri. Lakini Gérôme alikuwa amemwoa binti wa Adolphe Goupil, mfanyabiashara wa sanaa wa Paris ambaye biashara yake ilikuwa hasa kutoa nakala za kuchapishwa za michoro mashuhuri na kuziuza Ulaya na Marekani. Nakala hizo zilitundikwa kwenye kuta za watu ambao hawakusoma Kilatini hata siku moja. Waliojua Kilatini walilalamika, na mwaka 1879 kilitoka kijitabu kizima kilichokusanya ubishi wa pande mbili juu ya dole hilo. Kijitabu nani atakisoma, na picha iko ukutani? Mwaka 1906 Rudyard Kipling alichapisha “Puck of Pook’s Hill”, na ndani yake maaskari wa Kirumi wanaolinda ukuta wa kaskazini mwa Uingereza wanayazungumzia madole ya chini kuwa ni mwisho wa mtu. Kipling haelezi chochote. Miaka 34 baada ya mchoro, tayari alijua kwamba watoto wa Kiingereza watamwelewa. Hapo ndipo nahau inapoanza kusimama kwa miguu yake. Pacha wake wa juu alikuja kwa njia yake: mwaka 1917 Arthur Guy Empey, Mmarekani aliyepigana na jeshi la Uingereza mahandakini, aliorodhesha misemo ya askari wa kawaida, na miongoni mwake dole la juu lenye maana kwamba mambo ni sawa. Roma haimo.

Na zaidi ya karne moja baada ya kuchorwa, mchoro uleule ulirudi kazini. Watayarishaji waliotaka kumshawishi Ridley Scott aongoze filamu ya magladieta walimwonyesha nakala ya mchoro wa Gérôme kabla hajasoma hadithi yenyewe, akakubali. Filamu ya “Gladiator” ilitoka mwaka 2000, Kaisari wake anatoa dole, na mamilioni ya watu ambao hawajawahi kusikia jina la Gérôme wakathibitishiwa walichokuwa wanakijua. Mwaka 2009 Facebook wakaweka kitufe cha dole la juu, na mwaka uliofuata YouTube wakaacha nyota wakaweka madole mawili, juu na chini. Mwezi Novemba 2021 YouTube wakaificha hesabu ya madole ya chini, kwa maelezo kwamba makundi ya watu yalikuwa yakiyamwaga kwa makusudi ili kuwasumbua watengeneza video. Kijana wa Kariakoo au Eastleigh anayelaiki picha kwenye simu yake anatumia alama ya watu wa mahandaki, na anayeponda video anatumia ya mchoraji wa Paris. Sioni ubaya wowote.

Hapo hujitokeza pingamizi lililo zito kuliko yote. Watasema: unahangaika bure, maana ishara hii ni ya maumbile. Juu ni kwema, chini ni kubaya. Tunapanda cheo, tunashuka thamani. Anayeshinda anasimama, anayeshindwa analala. Dole linafuata njia hiyo, na Gérôme alichora tu kile ambacho binadamu yeyote angekichora. Nakubali kwamba mielekeo hiyo ipo katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, na nadhani ilimsaidia Gérôme kuaminika. Lakini mwelekeo si ishara. Desmond Morris na wenzake walipowahoji watu katika vituo 40 vya Ulaya kwa ajili ya kitabu chao cha mwaka 1979, walikuta kwamba dole la juu, ambalo wengi walilisoma kuwa ni sawa, lilikuwa tusi la wazi kwa baadhi ya watu wa Sardinia na kaskazini mwa Ugiriki. Iran nako lilijulikana kwa muda mrefu kuwa tusi zito. Maumbile gani haya yanayobadilika ukivuka mpaka? Tena Holland, ambaye naye alikuwa binadamu mwenye juu na chini, aliona upendeleo katika kuinamisha. Kama kuna ishara ya kukataa inayoelekea kutoka mwilini moja kwa moja, ningetaja kusonya, ambako kunajulikana kuanzia pwani yetu hadi Afrika Magharibi na visiwa vya Karibiani, wala hakujahitaji Kaisari wa kukueleza. Dole linahitaji kufundishwa.

Pingamizi la pili ni la watu wa vitendo: maana ya nahau ni matumizi yake, asili ina faida gani? Kuhusu maana nakubaliana nao kabisa. McCain alieleweka, na angeeleweka hata kama Roma isingekuwapo. Ila kisa cha asili hakikai kimya. Kinatufundisha historia, na historia kinayofundisha ni mbovu. Kinatuambia kwamba kuua uwanjani kulikuwa jambo la kugeuza mkono tu. Mwanasheria Gaius, wa karne ya 2, ana mfano wa mkataba unaotuonyesha mambo yalivyokuwa. Magladieta walikodishwa. Aliyerudi mzima alilipiwa dinari 20 kwa jasho lake. Aliyeuawa au kulemazwa alilipiwa dinari 1,000. Fanyeni hesabu: dole la kifo lilimgharimu mwandalizi mara 50 ya dole la uhai. Umati ulipiga kelele, wengine walipunga vitambaa kuomba aachiliwe, lakini mkono uliotoa uamuzi ulikuwa mkono wenye mfuko. Ndiyo sababu Juvenal anawacheka wale matajiri wapya: wanaua ili wapendwe, na wanalilipia pendo hilo. Tashtiti yake yote imekaa kwenye gharama hiyo, nasi tukiitazama kupitia mchoro wa Gérôme, ambamo ghadhabu ya mabikira ndiyo inayoamua na Kaisari anakula tini, hatuioni.

Wapo pia watakaosema Gérôme hakuwa wa kwanza, kwamba kabla yake walikuwapo wasomi waliofikiri chini ndiyo kifo. Yawezekana sana, mchoraji makini kama yeye hakuokota wazo barabarani. Lakini wasomi kuwaza jambo si watu kulisema. Nahau ni mali ya wasiosoma maelezo ya chini ya ukurasa, na hao walifikiwa na nakala za Goupil. Kwa hiyo anayewafundisha vijana nahau za Kiingereza, akifika kwenye hii, na aiandike kuwa ya mwisho wa karne ya 19, kutoka kwenye mchoro wa Kifaransa uliotokana na maneno mawili ya Kilatini yasiyosema dole lilielekea wapi. Na anayetaka kuona mahali ilipozaliwa asipoteze nauli yake Colosseum. Mchoro uko Marekani, katika jumba la sanaa la mji wa Phoenix, Arizona.